Ndege Iliyopimiwa Mizani ya Kakao

Nianze na upumbavu wangu mwenyewe, maana Kyela ukichelewa kujisema utasemwa hadi na watoto wa chekechea. Mimi ndiye niliyeligawa jaruba la mpunga la mama kwa kampuni ya ndege. Sikuwa na hati, sikuwa na idhini, na akili siku hiyo niliiacha nyumbani. Nilikuwa na mdomo tu.

Ilikuwa hivi. Mwenye kampuni, ambaye nitamwita Bosi kwa sababu ndivyo alivyopenda kuitwa, aliitisha mkutano kwenye kiwanja cha shule yetu ya sekondari. Ni mtu wa huku huku, mzaliwa wa Makwale. Alianza kwa kupita nyumba kwa nyumba na baiskeli akinunua kakao mbichi, akaishia kupita na gari jeupe lenye vioo vya giza akinunua kakao ile ile. Siku hiyo alikuja kutuambia kwamba tumedharauliwa vya kutosha. Eti Mbeya wana ndege, Songea wana ndege, na sisi ambao mchele wetu unaliwa hata na wasiojua Kyela iko upande gani, hatuna hata ya kutupitia juu kwa bahati mbaya. Watu wakapiga makofi mpaka vumbi likanyanyuka. Hatupendi kudharauliwa kabisa. Ndiyo maana ni rahisi sana kutuibia.

Ndege tayari anayo, akasema. Marubani anao. Tatizo ni moja dogo tu: kile kiwanja cha zamani cha ndege karibu na shule, ambacho kwa miaka mingi kilihudumia ng'ombe peke yao, ni kifupi. Kinahitaji kurefushwa upande wa ziwani. Na upande wa ziwani kuna majaruba ya watu.

Hapo sasa inabidi nieleze jambo la kanisani. Kwetu, baada ya ibada ya mavuno huwa kuna mnada na ahadi. Mkungu wa ndizi, jogoo, debe la mpunga, kila kitu kinapandishwa bei kwa vicheko. Na utani wake mkubwa ni kwamba mtu akijikausha, jirani yake humwahidia: "Shemeji yangu pale anatoa magunia mawili!" Watu hupiga makofi. Ukishapigiwa makofi, umetoa, mambo yamekwisha. Kukataa kunawezekana, lakini anayekataa anakuwa amesema mbele ya watu wote kwamba aliyemwahidia ni muongo, na uongo wa namna hiyo haufutiki. Mtu atazeeka nao. Basi watu hukunja uso, hutoa, na kulipiza kisasi mavuno yajayo.

Bosi alikulia kanisa hilo hilo. Alijua anachofanya alipokunjua leso, akafuta shingo yake nene, akasema kwa sauti ya mzee wa kanisa, "Sasa, wapendwa, nani ataanza?"

Watu wakaanza kuangalia viatu vyao, hata wasiokuwa navyo.

Mimi nilikuwa nyuma, kwenye kwaya ya shule, nimefichwa na ngoma na mwenzangu mmoja mwenye mabega ya kabati. Nina kipaji kimoja duniani: naweza kuigiza sauti ya mtu yeyote. Nikakunja koo, nikatoa sauti ya mzee mwenye kikohozi.

"Mama yule mwenye kitenge cha tausi anatoa nusu ya jaruba lake!"

Mwenye kitenge cha tausi alikuwa mama yangu.

Nilisema nusu. Naomba hilo likumbukwe. Hata katika ujinga nilikuwa na kiasi. Kwaya nzima ikaangua kicheko, kicheko kikazaa makofi, makofi yakasambaa mpaka mbele, na Bosi akanyoosha mikono kama mtu anayepokea mtoto mchanga. "Mama! Simama mama, watu wakuone!"

Mama akasimama. Akageuka nyuma, akatazama upande wa kwaya, polepole, kama anayetafuta kuku wake kwenye kundi la kuku wa jirani. Mimi nilikuwa nakagua kamba za ngoma kwa umakini ambao mwalimu wa fizikia hajawahi kuuona kwangu. Kisha akageuka mbele, akamwambia Bosi neno moja la Kinyakyusa, "Ndaga," yaani asante, akakaa.

Jaruba lile ndilo lililokuwa linatulisha na kuninunulia hizi sare ninazozichafua. Baba yuko Kasumulu, mpakani, anaziba matairi ya malori yanayovuka kwenda Malawi, na malori ya siku hizi yamekuwa na matairi magumu. Kwa hiyo tulikuwa tunakula jaruba. Baada ya mkutano Bosi alimwahidi mama jaruba lingine kule Makwale, zuri zaidi, lenye maji mwaka mzima, mbele ya mtendaji wa kata ambaye alitikisa kichwa kukubali kila kitu, hata vitu ambavyo havijasemwa bado.

Greda likaja. Likasawazisha matuta ambayo mama alikuwa ameyapandisha kwa jembe, malori yakamwaga kifusi na changarawe, shindilia shindilia, na nusu ya jaruba ikawa mwisho wa njia ya ndege. Nusu nyingine ikabaki ng'ambo ya tuta moja, imejikunyata kama mtoto ambaye kaka yake amepelekwa jeshini. Nilijiambia mama hajui sauti ilikuwa ya nani. Nikaamini. Mtu mwongo huwa anajidanganya wa kwanza.

Siku ya uzinduzi tulitolewa darasani tukaimbe. Mchungaji aliomba, shehe akaomba, mheshimiwa fulani hakufika lakini alituma salamu ndefu kuliko safari yenyewe. Ndege ikatokea upande wa milima, ikazunguka, ikatua. Ilikuwa ndogo, ya abiria kumi na kitu, nyeupe, yenye mstari wa kijani uliopakwa kwa brashi na mtu aliyekuwa na haraka. Chini ya rangi ulikuwa unaona herufi za nchi nyingine zinachungulia. Mlangoni kulikuwa na maandishi ya kigeni. Mwalimu wa jiografia akasema ni Kifaransa, mwalimu wa historia akasema ni Kireno, na mpaka leo hawaazimani chaki. Na kabla mtu hajakurupuka kunitupia ule utani wa ndege kula mpunga, asijisumbue. Ulichakaa siku ile ile kabla ya saa sita mchana.

Basi tukaanza kuwa watu wa angani. Nyinyi hamjaona majivuno. Ofisa aliyekuwa anakwenda Mbeya kwenye kikao alivaa suti ya sufu katika joto hili la kwetu linaloivisha ndizi, akasimama chini ya turubai, ambalo ndilo lilikuwa jengo la abiria, jasho likimtiririka mpaka kwenye soksi, ilimradi apigwe picha. Kuna mwenye duka mmoja mjini, wazee wake walikuja kutoka pwani na kanzu na karafuu, yeye kipande chake cha tiketi alikiweka chini ya kioo cha kaunta. Ukienda kununua sukari, lazima ukisome kwanza.

"Nilipokuwa juu," anaanza, hata kama hujauliza, "niliona ziwa lote. Lote! Mpaka Ikombe kule wanakofinyanga vyungu. Niliona na vyungu."

"Na kurudi ulirudije, mzee wangu?" namuuliza, kwa adabu zote.

"Chukua sukari yako uende."

Alirudi kwa basi, kwa sababu ukungu wa Tukuyu ulifunga. Ukungu wa Tukuyu ulikuwa unafunga kila ulipotaka. Safari yenyewe angani ilikuwa fupi kama salamu ya mdeni, lakini kuisubiri! Basi likitoka stendi wakati abiria wa ndege wanaketi chini ya turubai, litapanda milima, litashusha watu Tukuyu, litakula chakula cha mchana, litafika Mbeya, na watu wa ndege bado wanapepea magazeti na kuulizana kama lile ni wingu au moshi wa mtu anayechoma shamba. Hakuna aliyelalamika. Kulalamika ni kukiri kwamba ungepanda basi.

Sasa mizani.

Ndege ndogo kama ile, abiria hupimwa uzito pamoja na mizigo yao. Hiyo siyo ajabu, ndivyo inavyotakiwa, ili rubani ajue amebeba nini. Wakaguzi walipokuja mwanzoni walikuta chini ya turubai mizani mpya inayong'aa. Walipoondoka, mizani ile nayo ikaondoka. Nasikia ilikuwa ya kuazima. Mahali pake ikaletwa ile ya kwenye ghala la Bosi, ya chuma, ya kukanyagia, yenye madoa ya kakao kila kona. Kijana wa tiketi, ambaye ni mpwa wake Bosi na ndiye aliyekuwa anapima kakao ghalani, akahamia nayo. Hakubadilisha hata namna ya kusimama.

Kila mtu huku anaijua mizani ile. Kila mtu! Gunia lako likitoka nyumbani limeshiba, likipanda pale linashikwa na njaa. Mababu wameilaani, akina mama wameisemea maombi. Lakini lilipokuja suala la ndege, hakuna hata mmoja aliyejumlisha moja na moja, kwa sababu safari hii haikuwa inapunguza kakao. Ilikuwa inatupunguza sisi, na ikawa utamu.

"Sitini na nne!" mpwa anatangaza.

"Mimi?" anauliza mama fulani ambaye akikaa kwenye benchi la kanisa upande wa pili watu wananyanyuka. "Sitini na nne?"

"Mizani haisemi uongo, mama."

"Jamani, hii mizani ina heshima!" Na vigelegele juu.

Watu walianza kuja kupimwa hata kama hawasafiri. Rubani, kijana wa mjini mwenye miwani ya jua na ubani wa kutafuna mdomoni muda wote, anapewa karatasi yenye jumla, anaiangalia, anaitazama ndege, anaiangalia tena karatasi. Siku moja tulikuwa tumening'inia kwenye uzio wa shule nikamsikia anamwambia mpwa, "Mbona leo nzito hivi kunyanyuka?"

"Joto, kaka," mpwa akajibu. "Joto la Kyela lina uzito."

Mwanaume akatafuna ubani wake akakubali.

Wakati huo mama alikuwa anakwenda kuuliza habari za jaruba la Makwale. Mpwa anamwambia, njoo wiki ijayo mama, Bosi kasafiri. Wiki ijayo, njoo wiki ijayo. Mama anasema ndaga, anarudi, anashika jembe lake kwenye ile nusu iliyobaki. Kila ndege ikiruka, upepo wake ulikuwa unaulaza mpunga wote upande mmoja, halafu mpunga unanyanyuka tena. Nilikuwa namsaidia kupalilia jioni bila kutumwa. Mama hakuuliza kwa nini nimekuwa mtoto mwema ghafla, na mimi nikaona huo ni ushahidi kwamba hajui kitu.

Mvua za masika zilikuwa zinaishia, mpunga umeiva, tumeshanoa mundu, ndipo ilipokuja ile Jumamosi. Kulikuwa na msafara wa send-ofu, upande wa bibi harusi, akina shangazi watupu, wanakwenda Mbeya. Wenyewe walikuwa watu wenye afya. Na unajua mashangazi wa Kinyakyusa hawaendi kwenye sherehe mikono mitupu: mikungu ya ndizi, mchele kwenye ndoo, samaki mbasa wa kukausha waliofungwa na majani, na chungu kimoja kikubwa cha Ikombe ambacho shangazi mkubwa alikipakata kama mjukuu. Kila kimoja kikapanda mizani, kila kimoja kikapungua.

"Sabini na mbili!"

"Hamsini na nane, pamoja na ndizi!"

Vigelegele vilisikika mpaka kule tulikokuwa, mimi na mama, mwisho wa njia, ng'ambo ya tuta, tumeshaanza kukata.

Ndege ikaja mbio. Kwa kawaida ikifika usawa wa shule inakuwa imenyanyua pua. Ikapita shule, pua iko chini. Ikapita mwisho wa changarawe ya zamani, pua chini. Ikaingia kwenye ile nusu yetu ya zamani, injini zinapiga kelele kama nguruwe anayejua siku yake, magurudumu yakaruka kidogo, yakarudi, na mimi nikamshika mama mkono nikamvuta, yeye mundu mkononi na mimi sijui nasema nini, tukaangukia kwenye mfereji. Ndege ikapanda tuta, ikashuka upande wa pili, ikateleza ndani ya mpunga ulioiva, polepole sasa, inazama, inapunguza, ikatulia imelalia tumbo katikati ya jaruba kama kiboko aliyepata anachotaka.

Mlango ukafunguka. Shangazi mkubwa akatoa kichwa, kofia imekwenda upande, chungu chake bado kizima kifuani. Akatazama mpunga. Akatutazama sisi tuliojaa tope.

"Mugonile," akatusalimia, watu wa adabu hawa. "Tumefika?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye maji. Hakuna aliyeumia, jamani, ila viatu. Viatu vilivyomezwa na tope siku ile vingefungua duka. Wote walishuka mmoja mmoja wakishikana, rubani wa mwisho, bila ubani. Nilikuwa bado nacheka nilipomtazama mama. Yeye alikuwa anatazama njia ambayo ndege imepita ndani ya mpunga, pana kama barabara, masuke yote yamekandamizwa kwenye matope, na yale yaliyobaki pembeni hayakutosha hata kuonja. Akainama akaokota mundu wangu uliokuwa umeanguka, akaufuta kwenye kitenge. Kicheko kikanikauka.

Ungedhani Bosi angekuja kuomba radhi. Wewe humjui. Alikuja na mtendaji, akaitisha mkutano mwingine, pale pale kwenye kiwanja cha shule, na safari hii alikuwa na maelezo. Ndege haina tatizo. Rubani hana tatizo. Tatizo ni majaruba! Maji ya jaruba la jirani yamelainisha njia, na mpunga mrefu umezuia upepo ambao ungeinyanyua ndege. Alisema hivyo mbele ya watu wazima wanaolima mpunga tangu hawajaota meno, na nakuapia, kuna waliotikisa vichwa. Mtendaji alitikisa cha kwake mpaka nikaogopa kitadondoka.

"Sasa, wapendwa," akasema Bosi, leso shingoni, "mama yetu huyu alishatoa nusu kwa moyo mweupe. Kampuni ikitengeneza ndege yake, tunataka njia salama. Tunamwomba amalizie ile nusu nyingine. Nani ataanza kumpigia makofi?"

Nilimwona mama amekaa mbele, mikono mapajani, kitenge kile kile cha tausi, hakina mkunjo. Makofi mawili matatu yakaanza upande wa wafanyakazi wa Bosi. Nilijua yakifika katikati yamekwisha. Nilikuwa nyuma tena, nyuma ya ngoma ile ile na mabega yale yale ya kabati. Nikasimama. Sikuigiza mzee wala nani. Sauti ilitoka yangu, ile inayopasuka katikati.

"Shikamoo Bosi!"

Makofi yakakatika, watu wakageuka.

"Marahaba. Keti mwanangu, wakubwa wanaongea."

"Ndiyo Bosi. Ila mama hawezi kutoa kabla hatujajua njia inatakiwa iwe ndefu kiasi gani, na hilo linategemea uzito wa watu. Tunaomba wewe upande mizani kwanza. Wewe ndiye mfano wetu."

Kicheko kidogo. Mwalimu wa zamu akaanza kunijia na fimbo. Lakini shangazi mkubwa alikuwepo, na kiatu chake kimoja kilikuwa bado chini ya ndege.

"Apande!" akasema. "Mimi nilipanda. Kwani yeye ni nani?"

"Apande! Apande!" Akina mama wote sasa, na wakati akina mama wa Kyela wanaimba kitu, kitafanyika. Vijana wakakimbilia turubai wakaibeba mizani, wakaitua mbele. Bosi akacheka, akatazama huku na huku. Mtu anayependa makofi hawezi kukataa jukwaa. Akapanda. Mizani ikalia kwa uchungu. Na mpwa wake, Mungu amweke, aliyezoea kazi, akainama akasoma kwa sauti yake ya kila siku:

"Hamsini na tisa!"

Bosi yule! Mwenye shingo ya fahali, ambaye gari lake lina upande mmoja uliolegea! Watu wakaanguka kwa kicheko. Mtendaji alicheka, masikini, alisahau yuko upande gani. Vicheko vilikuwa bado havijaisha pale babu mmoja wa Makwale, mlimaji wa kakao, alipokuja mbele akijikongoja, akaigusa ile mizani kwa fimbo yake.

"Gwe," akamwambia Bosi, yaani wewe, na akamwambia hivyo hivyo bila bosi wala nini. "Kama wewe uko hivyo na mizani inasema hamsini na tisa, kakao yangu ilikuwa kiasi gani?"

Hakuna aliyecheka tena. Watu walikuwa wanahesabu magunia ya miaka, midomo inacheza. Ajabu ya watu wetu ndiyo hiyo: ndege kuanguka kwenye mpunga ni kichekesho, lakini kakao ni kakao. Bosi akashuka polepole, akasema kitu kuhusu fundi wa mizani, akaingia kwenye gari jeupe. Ile leso aliiacha pale chini, na hakuna aliyeiokota.

Kilichofuata hakikuhitaji hata mkutano. Watu wakaacha kumuuzia kakao, wakapeleka kwingine. Ghala likabaki na panya. Na hapo ndipo tulipojua ndege ile ilikuwa inaruka kwa nguvu ya nini: kwa zile kilo zetu zilizokuwa zinapotea kwenye chuma. Zilipokatika, rubani akaondoka na basi lile lile walilokuwa wanalidharau, turubai likauzwa kwa mwenye kuanika dagaa, mpwa akarudi kuwa mpwa. Mafundi walikuja kutoka mbali wakaifungua ndege vipande vipande, wakaipakia kwenye lori, na lile lori lilipopita Kasumulu kuwekewa upepo matairi, baba ndiye aliyeyashika. Anasema lilikuwa zito. Mwenye duka bado ana tiketi yake chini ya kioo, ila siku hizi ameiwekea pakiti za majani ya chai juu.

Kampuni ilipokwisha, nusu ya jaruba ikarudi kwa mama kwa njia rahisi kuliko zote: hakuna aliyekuja kuidai. Ilirudi na kifusi na changarawe yake yote, imeshindiliwa ngumu kama moyo wa mwalimu wa hisabati. Mvua za kwanza zikakaribia. Jumamosi moja mama akaniamsha, akanipa jembe na kikapu, tukaenda. Tulichimba. Mikono yangu ilitoka malengelenge, na kila kikapu nilichomwaga pembeni kilikuwa kinanisema. Jua lilipopanda nikashindwa.

"Mama," nikasema, nikiwa nimeinamia changarawe, "siku ile kwenye mkutano wa kwanza. Yule mzee mwenye kikohozi."

Mama hakunyanyua kichwa. Alichimba, akageuza, akachimba tena. Kisha akasema, na hivi ndivyo alivyosema, sijaongeza wala sijapunguza:

"Kikohozi hicho nilikinywesha dawa mimi tangu hujaanza kutembea, kitanipoteaje? Ningesema sijatoa, ungeitwa muongo mpaka unaoa. Jaruba nilijua nitalichimba tena. Sasa inama, kifusi cha kule pembeni hujakigusa."